Jua la Guta na Ushahidi wa Nyanza

Upande wa mashariki wa Ghuba ya Speke, katika Bunda ya mkoa wa Mara, iko Guta, makao ya wavuvi, wafugaji na wakulima, iliyowekwa baina ya milki mbili zisizofanana kwa tabia: nyuma yake bara kavu ya vilima vya Balili na nyanda za Serengeti, na mbele yake maji mapana ya Ziwa Viktoria, ambalo jina lake la kale ni Nyanza. Mahali hapo ni kiasi cha nyuzi mbili kusini ya ikweta, na kwa hiyo mara mbili kila mwaka, katikati ya mwezi wa Machi na mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri husimama wima juu ya utosi, hata nguzo iliyosimikwa sawasawa ikakosa kivuli.

Kila asubuhi isiyo na mvua, dagaa waliovuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa huanikwa ufukoni juu ya mchanga na nyavu kuukuu, wakakaushwa bila ya kuni wala mkaa. Aliyeifanya kazi hiyo yuko umbali wa kilomita milioni 150, na nuru yake husafiri kwa dakika nane na theluthi hata kumfikia dagaa pale mchangani. Lakini jua hilohilo, katika saa hizohizo, hutenda mambo mengine yasiyodhihirika upesi: huinua maji ya ziwa yakawa mvuke, huziamsha pepo, huzipangia mvua mahali pa kunyesha, na huipa hewa joto ambalo hewa yenyewe, kwa sehemu kubwa, hulipokea kutoka chini katika ardhi na maji kuliko kutoka juu. Habari za namna wanadamu walivyoyajua haya ni ndefu, na Nyanza haikuwa mtazamaji tu ndani yake. Iliitwa kuwa shahidi, ushahidi wake ukafahamiwa vibaya, na baadaye ukafahamiwa vyema.

Mwaka 1824, mjini Paris, mwanahisabati Joseph Fourier alitoa risala juu ya joto la dunia, akauliza swali ambalo kwa usahili wake lingeweza kudhaniwa kuwa la mtoto: ikiwa jua hutia joto katika ardhi kila siku, mbona ardhi haizidi kupata moto mwaka hata mwaka mpaka ikaungua? Jibu lake lilikuwa kwamba ardhi nayo hutoa joto, kwa miale ya giza ambayo jicho haliioni, ikalirudisha angani kadiri ilivyopokea. Isipokuwa hewa, ambayo nuru ya jua huipenya kwa wepesi, huwa nzito kwa ile miale ya giza, na kwa sababu hiyo joto hukawia chini kabla ya kutoka. Mwananchi mwenzake Claude Pouillet, kwa chombo chenye maji kilichopakwa masizi na kutiwa kipimajoto, akaipima nguvu ya jua, na mwaka 1838 akatangaza hesabu iliyopungua kwa kiasi cha sehemu moja tu katika kumi ya ile inayokubaliwa leo, yaani wati 1,361 kwa kila mita mraba inayolikabili jua nje ya hewa.

Katika siku hizo hapakuwa na Mzungu aliyekuwa ameyaona maji ya Nyanza, ingawa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokaa Kazeh, karibu na Tabora ya leo, waliyajua na kuyasimulia; na ni mmoja wao, Snay bin Amir, aliyewaeleza Richard Burton na John Hanning Speke kwamba kaskazini iko bahari kubwa kuliko Tanganyika. Speke akatoka Kazeh mwezi wa Julai 1858, akifuatana na Sidi Mubarak Bombay, na tarehe 3 Agosti akasimama juu ya kilima karibu na Mwanza akalitazama ziwa. Hakuwa na chombo cha fahari cha kupimia urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari. Alichemsha maji, akatia kipimajoto, akasoma. Kwa kuwa hewa ya mahali palipoinuka ni nyepesi na uzito wake juu ya maji ni mdogo, maji ya huko huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na katika usawa wa ziwa hili hutokota kwenye nyuzi 96 hivi. Kwa njia hiyo dhaifu alipata futi 3,700 na ushei, jibu lililo karibu sana na mita 1,134 tunazozijua.

Speke aliwasili Uingereza mwezi wa Mei 1859, na habari za ziwa zikaenea London. Mwezi uo huo, katika mji uo huo, John Tyndall wa Royal Institution alikuwa akipitisha joto ndani ya mrija uliojazwa hewa za namna mbalimbali, na tarehe 10 Juni akaonyesha mbele ya hadhara kwamba oksijeni na naitrojeni, ambazo ndizo karibu hewa yote, huiachia miale ya joto ipite kana kwamba hapana kitu, ilhali hewa nyingine zilizo chache huikamata. Katika majaribio yaliyofuata alithibitisha kuwa miongoni mwa hizo chache mvuke wa maji ndio mkuu, na hewa ya ukaa ni ya pili. Miaka mitatu kabla yake, huko Marekani, Eunice Foote alikuwa amekwisha kuweka mirija ya kioo juani akaona kwamba ule wenye hewa ya ukaa ulipata moto kuliko mingine na ukachelewa kupoa. Risala yake ilisomwa mjini Albany mwaka 1856 kwa kinywa cha Joseph Henry, kisha ikasahauliwa kwa zaidi ya karne. Hivyo, katika mji mmoja na msimu mmoja, zilikutana habari mbili ambazo hakuna aliyeziunganisha: ile ya bahari ya maji matamu chini ya jua la ikweta, na ile ya kuwa hewa chache tu ndizo zinazolilinda joto la dunia.

Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua yake Lady Alice, akapita katika ghuba hii na kuipa jina la Speke, akawathibitishia waliokuwa wakibishana kwamba Nyanza ni ziwa moja na wala si maziwa mengi. Baada ya wasafiri wakaja watawala, na pamoja na watawala vipimo. Mwaka 1896 uliwekwa nchini Uganda ufito wa kwanza wa kupimia kina cha Nyanza, na kuanzia hapo ziwa likawa na daftari. Mwaka uo huo, huko Stockholm, Svante Arrhenius akachapisha hesabu ndefu aliyoifanya kwa mkono, akakadiria kwamba hewa ya ukaa ikizidi mara mbili, joto la dunia litapanda kwa nyuzi tano au sita. Watu wengi wa ilmu hawakumsadiki, na kwa miaka mingi macho yao yalielekea kwingine, katika uso wa jua wenyewe.

Wanafalaki walikuwa wamejua tangu 1843, kwa kazi ya subira ya Heinrich Schwabe wa Ujerumani, kwamba madoa meusi yanayoonekana juu ya jua huzidi na kupungua kwa mzunguko wa miaka kama 11. Mwaka 1923 C. E. P. Brooks wa Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza alilichukua daftari la Nyanza, akaliweka kando ya hesabu ya madoa, akashangaa: madoa yalipofika kilele mwaka 1906, ziwa lilikuwa juu; yalipofika kilele tena 1917, ziwa likawa juu; na katikati vyote viwili vilishuka pamoja. Mfano wa mafungamano ya namna hiyo ulikuwa nadra duniani, na haikuwa ajabu watu kuona kwamba amri ya jua juu ya hali ya hewa imepatikana, na kwamba mwenye kuhesabu madoa ataweza kutabiri maji ya Nile kutoka chanzo chake.

Ili kufahamu kilichompotosha Brooks, yafaa tulitazame jua likiwa kazini Guta. Katika kila sehemu 100 za nuru zinazoifikia dunia, kwa wastani 30 hurudishwa angani na mawingu, mchanga, theluji na hewa. 23 hivi humezwa na hewa na mawingu. Na 47 zinazosalia hupokewa na nchi na maji. Hizo zilizopokewa chini ndizo zinazotia hewa joto, kwa njia tatu: kwa kuigusa ardhi iliyopata moto, kwa mvuke unaopanda, na kwa miale ya giza aliyoitaja Fourier, ambayo mvuke na hewa ya ukaa huikamata na kuirudisha sehemu yake chini. Lau kama kusingekuwa na ukamataji huo, wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Nao uko kiasi cha nyuzi 15 juu yake.

Sasa Guta ina nchi na maji pamoja, na viwili hivi hupokea joto kwa tabia mbalimbali. Udongo wa Bunda huliweka joto la mchana katika tabaka nyembamba ya juu, kwa hiyo huwaka upesi; ziwa, ambalo nuru hulipenya na mawimbi hulikoroga, huligawa joto hilohilo katika kina kirefu, likachelewa kupata moto na likachelewa kupoa. Ifikapo alasiri hewa ya bara huwa nyepesi ikapanda, na upepo wa ziwa ukaingia kushika nafasi yake, na mawingu yakajijenga juu ya vilima vya mashariki. Usiku mambo hupinduka: nchi hupoa, ziwa hubaki na akiba yake, na umande, yaani upepo wa nchi kavu, huvuma kutoka pwani zote kuelekea katikati ya maji, ukakutana huko, ukaupandisha mvuke, na ngurumo zikaanza saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini. Kwa kuwa pepo kubwa za eneo hili hutoka mashariki, dhoruba hizo husukumwa magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata kiasi cha milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Musoma, iliyo chini ya jua lilelile, haipati hata nusu yake.

Tena kila kilo moja ya maji inayogeuka mvuke huchukua joto la jouli milioni mbili na nusu hivi, ikaondoka nalo bila ya kulionyesha katika kipimajoto, na kulitoa pale tu mvuke unapogeuka tena kuwa matone ndani ya wingu. Hivyo joto la jua lililotua juu ya Ghuba ya Speke huweza kuachiliwa juu ya vilima vya Kagera. Nyanza yenyewe ni ya hesabu hiyo hiyo. Mito yake, Kagera, Mara, Nzoia, Grumeti na mingineyo, huleta sehemu ndogo ya maji yake. Iliyo kubwa, kiasi cha nne kwa tano au zaidi, hushuka moja kwa moja kama mvua juu ya uso wake, na karibu kiasi hichohicho hunyonywa na jua, yakasalia yale yanayotoka Jinja kuwa Nile. Ziwa la namna hiyo, ambalo mapato yake na matumizi yake karibu yanalingana, hupanda au kushuka kwa tofauti ndogo ya mvua. Na mvua hiyo huamriwa na hali ya hewa na bahari kuliko kupungua au kuzidi kwa jua lenyewe.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 mafungamano ya Brooks yalilegea, kisha yakakatika. Kilele cha madoa cha miaka ya 1957 na 1958, kikubwa kuliko vyote vilivyopata kuandikwa, kilipita na ziwa likabaki katika kadiri yake ya kawaida. Ndipo, katika miezi ya mwisho ya mwaka 1961, wakati Tanganyika ilipokuwa ikijitayarisha kwa uhuru wa tarehe 9 Desemba, zikanyesha mvua ambazo wazee wa Afrika Mashariki hawakupata kuziona mfano wake. Ziwa likapanda mwaka 1962, likapanda tena 1963, na hata kufikia Mei 1964 lilikuwa limeinuka kwa zaidi ya mita mbili, likameza fukwe, mashamba na magati ya nchi tatu. Mwaka huo wa 1964 madoa ya jua yalikuwa machache kabisa katika mzunguko wake. Shahidi aliyeitwa na Brooks alikuwa amemkana mbele ya watu wote.

Mshtuko ule uliwafanya wakubwa waamke. Mwaka 1967 Shirika la Hali ya Hewa Duniani na Umoja wa Mataifa, pamoja na nchi zinazotumia maji ya Nile, walianza uchunguzi mkubwa wa maziwa ya Viktoria, Kyoga na Albert, wakaeneza vituo vya kupimia mvua, mito na uvukizaji. Sababu ya mvua za 1961 ilionekana hatimaye katika Bahari ya Hindi: mwaka ule maji ya upande wa Afrika yalipata joto kupita kawaida na yale ya upande wa Sumatra yakapoa, pepo za ikweta zikageuka zikavuma kutoka mashariki, na mvuke mwingi ukaletwa barani. Mwaka 1999 N. H. Saji, Toshio Yamagata na wenzao waliokuwa wakifanya kazi Japani walilieleza jambo hili kuwa tabia ya bahari hiyo inayorudi mara kwa mara. Joto lilikuwa ni la jua, hilo halina shaka. Lakini aliyeligawa alikuwa ni bahari.

Wala isidhaniwe kwamba kuzidi na kupungua kwa nuru ya jua inayoifikia dunia hakujapata kuitawala Nyanza. Katika miaka ya 1990 wataalamu walitoboa matope ya sakafu ya ziwa wakayasoma tabaka baada ya tabaka, na mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake wakatangaza kwamba kiasi cha miaka 17,000 iliyopita ziwa hili lilikauka, na mahali ambapo leo samaki waitwao furu wanaogelea paliota majani. Lilijaa tena miaka kama 15,000 iliyopita, wakati barafu za kaskazini zilipokuwa zikiyeyuka. Na katika maelfu ya miaka iliyofuata kuyumba kwa mhimili wa dunia, ambako Milutin Milankovitch wa Serbia alikuhesabu katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kuliielekeza kaskazini kwa jua zaidi wakati wa kiangazi chake, na mvua za Afrika zikanenepa. Lakini mabadiliko hayo ni ya maelfu ya miaka. Maisha ya mtu hayatoshi kuyaona yakisogea.

Kwa muda mfupi wa maisha ya mtu, jua ni thabiti mno. Tangu mwaka 1978 vyombo vilivyorushwa juu ya hewa vimelipima bila ya kukoma, vikaonyesha kwamba kati ya miaka ya madoa mengi na ya madoa machache nguvu yake hutofautiana kwa kiasi cha sehemu moja tu katika elfu, na kwamba katika muda wote huo haikuzidi. Na Nyanza ikatoa ushahidi wake mara ya pili: mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi ilirudia tabia yake ya 1961, mvua zikafurika, na Mei 2020 ziwa likafika tena kwenye alama ya 1964 na kuipita kidogo, likiingia katika makao ya watu wa fukwe za Mara, Mwanza, Kagera, Kenya na Uganda. Desemba 2019, wanafalaki walipohesabu, jua lilikuwa katika utulivu wake wa chini kabisa wa madoa.

Lililobadilika kwa hakika ni hewa iliyo kati ya jua na ardhi. Mwaka 1938 Guy Callendar, mhandisi wa Kiingereza, alikusanya vipimo vya vituo vya joto vya duniani akasema kwamba moshi wa viwanda umeanza kuipasha dunia moto. Machi 1958 Charles David Keeling akaanza kupima hewa ya ukaa juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii, akapata sehemu kama 315 katika kila milioni. Leo zimepita 420, ilhali kabla ya viwanda zilikuwa 280 hivi, na joto la dunia limepanda kwa zaidi ya nyuzi moja tangu karne ya 19. Upo na mzani wa kumtambua mwenye kosa: mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald walihesabu kwamba hewa ya ukaa ikizidi, hewa ya chini itapata joto na ile ya juu sana itapoa, ilhali kama jua ndilo lililozidi, zote mbili zingepata joto. Vipimo vya miongo iliyofuata vimeonyesha chini kukipata joto na juu kukipoa. Manabe alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Basi hukumu ya habari hizi ni hii: jua ndilo asili ya joto lote la Guta, la dagaa mchangani, la upepo wa alasiri na la ngurumo za usiku, lakini mwenye kutaka kujua kwa nini mwaka mmoja haufanani na mwingine, au kwa nini dunia ya wajukuu inapata moto kuliko ya babu, na atazame kwanza bahari na hewa. Na jambo lililowezesha hukumu hiyo si werevu wa Brooks wala wa waliomkosoa, bali ni ule ufito wa 1896 na watu wasiojulikana majina waliousoma kila siku, kwa mvua na kwa jua. Huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1929 iligawanyika Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na kazi yake huku kwetu sasa iko mikononi mwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Haifai vipimo vya Nyanza vikatike hata siku moja kwa kukosa mtu, karatasi au fedha, kwa sababu siku isiyoandikwa haipimwi tena.